Fundi Tangi Akubali Kula Kabichi

Kazini walimwita Tangi. Alikuwa fundi bomba hodari, ila tumbo lilikuwa linamtangulia kila aendako. Kutwa nzima alizibua masinki ya watu. Jioni alirudi kwa mke wake akiwa hoi, akafuta sahani mbili za wali, na mkate juu yake.

Siku moja yeye na wenzake walipelekwa kubadilisha mabomba ya jengo kubwa. Mabomba yalipita chini ya sakafu, kwenye njia nyembamba. Tangi akajaribu kuingia. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likagoma. Wenzake walimvuta miguu huku wakicheka mpaka machozi. Msimamizi hakucheka. Alimwambia wazi kwamba awamu ya pili itaanza baada ya miezi michache, na asiyeweza kuingia atahamishiwa stoo. Stoo, yeye Tangi! Mtu aliyependa mabomba kuliko usingizi!

Akafika nyumbani na kutangaza vita. Wali basi, mkate basi, viazi na soda marufuku. Mkewe alifurahi sana. Akapika kuku na kabichi. Tangi akala kuku, kabichi akaisukuma pembeni.

"Mume wangu, mboga zimekukosea nini?" mkewe aliuliza.

"Mimi ndiye ninayezibua masinki ya mtaa huu," Tangi alijibu. "Unajua nakuta nini humo? Kabichi. Maganda ya karoti. Majani matupu. Siwezi kuziba bomba langu mwenyewe."

Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Kumbe mwenzake hatanii hata kidogo.

Basi ikawa nyama, mayai, na nyama tena. Haukupita muda, tumbo likawa gumu kama zege. Alikaa chooni mpaka mkewe akagonga mlango kuuliza kama bado yu hai. Njaa nayo haikumwacha. Jioni moja akafumwa akiwa na nusu mkate ndani ya koti. Aliona aibu, akasema bora aende stoo tu.

Mkewe hakukubali. Alimwita dada yake, ambaye ni muuguzi. Muuguzi alisikiliza habari ya masinki, akauma mdomo asicheke.

"Shemeji, tumbo si sinki," alisema. "Mboga zina nyuzinyuzi. Hizo zinashika maji, zinalainisha choo na kukisukuma kitoke. Wewe umekula nyama tupu, bila mboga, na maji hunywi. Ndiyo maana umeziba."

"Na hii njaa?"

"Mboga zinajaza tumbo bila kukunenepesha. Nyama, samaki au mayai vinakufanya ushibe muda mrefu. Ule vyote pamoja. Nusu ya sahani iwe mboga. Kipande cha nyama kisizidi kiganja chako. Wanga uwe kidogo."

Akamhimiza pia aende kliniki kupimwa sukari na presha. Alieleza kwamba anayetumia dawa za sukari asipunguze wanga kabla ya kuongea na daktari. Tangi akaenda, akaambiwa yuko salama kuendelea.

Sasa jikoni kukachangamka. Leo samaki na mchicha, kesho mayai na biringanya. Tangi mwenyewe alikata kabichi, tena kwa madaha. Maji alikunywa. Choo kikawa laini. Mkate ukapita mbele yake asiutamani. Mkanda wa suruali ulianza kulegea taratibu, mkewe akatoboa tundu jipya, kisha jingine. Kila tundu lilikuwa shangwe ya nyumba nzima.

Awamu ya pili ikafika. Tangi akalala chali. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likagusa kingo za sakafu. Akatoa pumzi yote kifuani, akajivuta.

Likapita.

Makofi na miluzi vilijaa jengo zima. Msimamizi akainama, akamuuliza kama anahitaji chochote huko chini.

"Mpigie mke wangu simu," sauti ya Tangi ilijibu. "Mwambie niko kazini."