Sindano ya Sebuleni

Simu ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji, na muuguzi aliiweka juu ya meza ya fundi kama mtu anayeleta mgonjwa mahututi. Ukumbi wa maduka ulikuwa umefurika watu, kila mmoja akipaza sauti kumzidi mwenzake. Fundi, shati jeupe limekunjwa mikono hadi viwikoni, alimtazama muuguzi mwenyewe kwanza, simu baadaye.

"Itapona?"

"Inategemea. Utakuja kuiona kila siku?"

"Saa za kuona wagonjwa ni jioni tu," alijibu, akijikaza asicheke.

Simu ilipona, wao wawili ndio walioanza kuugua. Ikawa hakuna jioni bila kupigiana.

"Umekula, nesi wangu?"

"Nimekula, Bisibisi. Wewe umemlaghai nani leo?"

Muuguzi alipopelekwa nyumbani kwa kina fundi, mama mtu alimwita mkwe siku ile ile. Dada mkubwa wa fundi yeye alimpima kwa macho, kuanzia viatu.

Jumapili moja asubuhi fundi akapiga. Mama anakohoa, kifua kinambana, na foleni za hospitali hataki hata kuzisikia.

"Dawa nimeshanunua, mpenzi. Ni kumchoma sindano tu."

"Nani kaiandika?"

"Wa duka la dawa ananifahamu."

"Siruhusiwi kumchoma mtu sebuleni. Likitokea la kutokea, hospitali hainijui. Nitajibu mwenyewe, na leseni yangu itakwenda."

"Kwani ni mtu baki? Ni mama yako."

Neno hilo ndilo lililomlegeza. Alikwenda na gauni lake la maua, lile alilonunua kwa matembezi yao ya siku hiyo.

"Shikamoo, mama. Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?"

Mama alimgeukia mwanawe, kama alivyozoea kwa mambo ya hospitali.

"Hakuna, choma tu," fundi alisema, macho kwenye simu ya mteja.

Akachoma. Haukupita muda mama akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba, pumzi zikawa za kugombania. Dawa ya kumwokoa mtu wa namna ile ilikuwa kwenye kabati la wodini, ambalo muuguzi alilifungua kila aingiapo zamu. Pale sebuleni hapakuwa na kitu. Walimkimbiza kwa teksi. Aliponea chupuchupu, lakini ulimi ukabaki mzito na mkono wa kulia ukalegea.

Kwenye korido ya hospitali fundi alimnong'oneza, "Zamani aliwahi kuvimba baada ya sindano. Nilidhani ni chakula."

"Na niliuliza," muuguzi alisema.

Dada mkubwa hakungoja. Alipeleka malalamiko kwenye baraza la wauguzi, akatafuta na wakili wa kudai fidia. Siku ya kusikilizwa, muuguzi alisimama mbele ya meza ndefu.

"Sindano nilichoma mimi, mahali nisiporuhusiwa, bila dawa ya dharura. Hilo sikatai. Lakini niliitwa, na kabla ya kuchoma niliuliza, nikajibiwa."

Wakamgeukia fundi. Suti ya kuazima ilimbana mabegani, jasho likimtiririka.

"Alikuja mwenyewe, na dawa yake. Hakuniuliza kitu."

Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Mama, aliyesikia yote siku ile, alikuwa bado kitandani, ulimi haujafunguka. Leseni ya muuguzi ikasimamishwa, na aliyekuwa akipokewa wodini kwa "karibu, sista" akawa anauza vitambaa dukani kwa shangazi yake, huku rufaa aliyokata ikisubiri kusikilizwa.

Huko ndiko fundi alikomfuata, ananukia manukato, kiboksi kidogo cha pete mkononi. Alikuwa amekonda.

"Nilimwogopa dada, nesi wangu. Na kununua dawa ile bila cheti cha daktari nako ni kosa, wangenifunga. Nisamehe. Nataka nikuoe. Mama mwenyewe anakuulizia kila siku."

Moyo wa muuguzi uliruka. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku za simu za jioni, na aibu yote ile haikuwa imeliua.

"Na dada yako?"

"Ataacha kudai fidia. Wakili wake anasema tukiwa familia moja, mambo yanamalizwa nyumbani."

"Na rufaa yangu?"

"Rufaa ya nini tena? Ukirudi kule utanitaja. Mke gani anampeleka mumewe polisi?"

Mkono wa muuguzi, uliokuwa umeshaanza kuinuka, ulitua juu ya jora la kitambaa.

"Nikiendelea na rufaa, utanioa?"

"Usinifanyie hivyo, mpenzi."

"Ndiyo au hapana?"

Fundi alikifungua kiboksi, akakifunga, akakifungua tena. Mteja aliingia, akaulizia kitambaa cha mapazia, akaonyeshwa, akaondoka. Fundi alikuwa bado amesimama mlangoni na kiboksi chake.

"Basi nenda," muuguzi alimwambia taratibu. "Unaziba mlango."

Alipotoka, shangazi alichungulia kutoka chumba cha nyuma.

"Yule kijana kaja kukuchumbia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa namngoja yeye anijibu," alisema, akainamia vitambaa vyake, na shangazi akarudi ndani polepole ili amwache alie.