Ndoo ya Kutemea

Jumamosi mchana ukumbi wa kuonjea mvinyo ulikuwa umejaa watu waliokuja kujifanya. Sina neno jingine la kuwaita. Kulikuwa na bibiye mwenye kofia pana ambaye glasi yake ilipigwa picha nyingi na kunywewa kidogo. Kulikuwa na bwana aliyejifunga skafu ya sufu na jua linawaka, anazungusha glasi chini ya pua na kutangaza kwamba anasikia harufu ya ngozi na moshi. Ngozi na moshi! Mvinyo wenyewe ulikuwa mchachu wa kukunja uso, umetengenezwa nyuma ya ukuta wa ukumbi huohuo na mwanamke aliyeamini kwamba mtu akishatozwa kiingilio atasifia chochote. Na hakukosea.

Wageni walimwita Madamu. Binti aliyekuwa akimimina nyuma ya kaunta alimwita Shangazi, maana alikuwa dada wa marehemu baba yake na ndiye aliyemlea baada ya kifo hicho. Binti alivaa aproni nyeusi na kilemba cha rangi ya chungwa, na kwa kila mgeni alisema maneno yaleyale: "Onja, zungusha mdomoni, kisha tema kwenye ndoo." Ndoo ya chuma ilikaa katikati ya kaunta. Nje iling'aa, ndani usiulize.

Ndipo akaingia fundi wa lifti. Alikuwa ameburutwa na wafanyakazi wenzake waliokuja kumuaga bosi wao, naye alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Mvinyo hakuwahi kuuonja tangu azaliwe. Binti akammiminia. Akaonja, macho yakamtoka.

"Kaka, ndoo hiyo hapo," binti akamwambia.

"Nimeiona, dada. Nzuri."

"Si ya kutazama. Ya kutemea."

"Nikiteme kitu ulichonipa wewe? Thubutu!"

Akameza. Binti akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Fundi alilelewa na bibi yake, na siku alipotema uji nyumbani kwa jirani alichapwa kofi ambalo sikio lake linalikumbuka hadi leo. Cha mkononi mwa mtu hakitemwi, aliambiwa, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi kila glasi aliyopewa ikapita kooni, nzima. Walipoondoka wenzake, aliufuata mlango wa kioo akaugonga kwa paji la uso.

Binti alimkimbilia na barafu kwenye kitambaa. "Pole! Huo mlango unavutwa, Fundi."

"Nimezoea inayofunguka yenyewe."

Kwa jibu hilo alipewa namba ya simu. Kuna wanawake wamepewa magari wasilainike hivyo.

Kesho yake simu ikaita.

"Paji la uso linaendeleaje?" binti aliuliza.

"Limevimba, laazizi. Kila nikiligusa nakukumbuka."

"Laazizi tena? Si tumejuana jana tu?"

"Mtu akishabonyeza ghorofa ya juu, lifti haisimami njiani kuuliza."

"Inaweza kukwama."

"Ndiyo kazi yangu, kukwamua."

Upuuzi mtupu, lakini wenyewe walikuwa wakiunywa kama maji ya baridi. Wakaanza kukutana jioni kwenye mgahawa karibu na kituo cha mabasi, yeye na ovaroli yake yenye alama za grisi, binti na gauni lake la njano lililombana kiunoni kwa kipimo cha haki. Walikunywa chai. Fundi hakuagiza kingine kamwe, na chai aliipenda tamu ya kuozesha meno. Lakini kila Jumamosi alikwenda kule ukumbini, akasimama kwenye kaunta, akanywa kila alichomiminiwa pasipo kuisogelea ile ndoo. Aliamini hiyo ndiyo heshima. Moyoni alikuwa akiulaani mvinyo ule tone kwa tone.

Shangazi alimtazama wiki hadi wiki, midomo ameibetua.

"Mwanangu, huyo ni mlevi."

"Tukiwa wawili anakunywa chai, Shangazi."

"Hata baba yako alikuwa hodari wa chai mbele ya mama yako."

Binti akaanza kuifuta kaunta. Baba yake alimeza mshahara, akameza kiwanja, mwishowe akauza mlango wa mbele na wenyewe wamo ndani, akaumeza nao. Mama yake alining'iniza shuka pale palipokuwa na mlango, na watoto wa mtaa wakawa wanachungulia. Binti alijiapiza kwamba ataolewa na yeyote, lakini si mlevi. Fundi alikuwa hajaambiwa lolote kati ya hayo. Alijua tu kwamba baba wa binti aliugua akafa. Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa namna hiyo amimine mvinyo, jibu ni rahisi. Hapo ndipo mahali pekee alipoona watu wakipewa pombe wakaitema, na kuwaona kulimpa raha ambayo hakumsimulia mtu.

Jumamosi moja fundi alikuja na pete kwenye mfuko wa shati. Kwa woga hakuwa amekula tangu asubuhi. Mtu mzima, anaacha kula siku anayokwenda kumeza mvinyo! Binti alimmiminia wa kwanza, wa pili, na uliofuata. Fundi akaipiga kaunta kofi, ukumbi mzima ukageuka.

"Nina neno!" alisema kwa sauti iliyozidi chumba.

"Sema basi," binti akanong'ona.

"Neno lenyewe..."

Akaweka kichwa kwenye kaunta, kwa mapumziko mafupi tu, na akakoroma. Yule bwana wa skafu aligonga glasi yake kwa kidole akisema vijana hawajui kunywa. Binti alivua aproni akaingia stoo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alikuwa hajaona unyasi; aliyaona meno.

Jumapili fundi alipiga simu mpaka ikapokewa.

"Mpenzi, nisamehe, nilikuwa na njaa tu."

"Usiniite mpenzi. Na usinipigie tena."

"Nisikilize. Mimi sinywi!"

Binti alicheka kicheko kibaya. "Baba yangu naye alikuwa hanywi. Alituambia hivyo akiwa amelala mtaroni, mimi na mama tukimvuta miguu. Akatumeza wote, Fundi. Sitaki mwanamume asiyejua kutema."

Simu ikakatika. Fundi alibaki ameishika, mjinga wa watu, amesema ukweli mtupu ukapokewa kama uongo wa walevi wote. Akampigia mtu mmoja tu aliyemwamini.

"Bibi, uliniambia cha mkononi mwa mtu hakitemwi."

"Ndiyo."

"Kuna mtu anakupa, halafu anakwambia tema."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikameza."

Bibi alisonya, msonyo mrefu. "Nilikufunza usimdharau anayekupa. Mwenye kitu amekwambia tema, wewe unambishia kwa kumeza! Hiyo ndiyo heshima? Toka hapa."

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulikuwa umefurika wajinga wapya na baadhi ya wa zamani. Fundi aliingia na lile shati, tumbo limeshiba wali. Waliojua kisa chake wakagusana viwiko. Binti hakumsalimu. Alimimina glasi ikajaa hadi ukingoni, akaisukuma.

"Haya, kunywa. Si ndicho ulichofuata?"

Fundi akajaza mashavu, akainamia ndoo, akaganda. Miaka yote ya kofi lile ilikuwa imesimama kooni mwake. Machozi yakamtiririka. Shangazi akasema, "Sasa anatapika." Ndipo akatema, kwa nguvu ya mtu asiyewahi, na nusu ikaenda kwenye ndoo, nusu kwenye skafu ya sufu.

"Mshenzi!" bwana wa skafu alipiga kelele.

Fundi hakumtazama. "Mvinyo huu ni mbaya," alimwambia binti. "Ni mbaya tangu siku ya kwanza. Nimeumeza wote kwa sababu umetoka mkononi mwako, na nyumbani kwetu kutema cha mtu ni kumtukana. Sikujua habari za baba yako. Ningejua, ningetema hata mate yangu."

Bibiye wa kofia alisahau kupiga picha. Shangazi alifungua mdomo kuutetea mvinyo wake, akamtazama mpwa wake, akaufunga. 

"Na chai?" binti aliuliza. "Chai yangu nayo ulikuwa unaimeza kwa adabu?"

"Chai naipenda. Nakupenda wewe. Jumamosi ile nilikuwa na hii." Akaitoa pete, ikiwa na nyuzi za mfuko.

Binti hakuipokea. Alichukua chupa, akamimina glasi nyingine, akaisogeza mbele yake.

"Tema tena. Nione."

Akaonja, akainama, safari hii akatema katikati kabisa ya ndoo. Binti alimimina tena. Akatema tena. Watu waliona kichekesho, wakaanza kupiga makofi, maana watu wa namna ile hupigia makofi chochote. Lakini binti aliyemwona baba yake akimeza hadi mlango alikuwa akilia waziwazi, kilemba kimemlegea, na mkono wa kushoto ameunyoosha juu ya ndoo, vidole vimetanuliwa, anangoja pete.