Mwizi Aliyeacha Keki ya Ndimu

Kiti kilikuwa kimeibwa.

Tamsin Brekke alifungua mlango wa nyuma wa gari lake, mtoto begani, akakuta nafasi tupu. Pale kilipokuwa kiti cha mtoto palikuwa na sahani ya alumini iliyofunikwa vizuri. Ndani yake, keki ya ndimu, imekatwa vipande vya mraba.

Alipiga kelele. Mwenzake akapiga ya pili upande wa pili wa uwanja wa kanisa. Kisha ya tatu. Viti vitatu, sahani tatu.

Inspekta Bernadine Dudek alifika akiwa na koti rasmi na viatu vya theluji. Jumapili hiyo hakupaswa kuwa kazini hata kidogo. Binti yake Renata alikuwa anatoka hospitali mchana huo na mjukuu wa kwanza, na Bernadine alikuwa na puto la buluu kwenye buti la gari. Lakini mji wa Nyborg, kaskazini mwa Minnesota, una inspekta mmoja tu.

"Mlifunga milango?" aliuliza.

Tamsin alimtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anafunga friji kwa kufuli. "Afande, tuko kanisani."

"Basi kuna kioo kilichovunjwa?"

"Hapana."

"Mikanda imekatwa?"

"Hapana. Imefunguliwa, ikakunjwa."

"Ikakunjwa." Bernadine aliinama, akatazama. Kweli, ilikuwa imekunjwa kama vitambaa vya meza ya arusi. Alama za vidole hazikuwepo. Mwizi alivaa glavu, na katika baridi ile hata mtakatifu angevaa.

"Ibada ilikwisha saa ngapi?"

"Mapema," alisema Tamsin. "Mchungaji anaumwa koo. Mahubiri yalikuwa mafupi, Mungu atusamehe, tulifurahi sana."

Nyuma yake Sajini Orville Tesch alikuwa anatafuna.

"Orville, unakula nini?"

Sajini alimeza. "Nachunguza ushahidi, Inspekta."

"Na uchunguzi unasemaje?"

"Ndimu ya kutosha. Sukari haikuzidi." Akaangalia viatu vyake. "Sijui ni ya nani."

Bernadine alikuwa ameuliza hilo? Hakuwa ameuliza. Alilihifadhi kichwani.

Alizunguka uwanja mzima. Magari mengine yalikuwa na viti vya watoto pia, kimoja cha bei mbaya kabisa, chenye ngozi na kishikio cha kikombe. Hakikuguswa. Mwizi alipita kando yake, wala hakugeuka.

"Viti vyenu vitatu ni vya aina gani?"

"Pipkin," alisema Tamsin. "Vyote. Afande, mimi nitaendaje nyumbani? Nje ni baridi ya kugandisha mate, na bila kiti siwezi kumpakia huyu. Nimpakate kama kifurushi?"

"Humpakati. Rudi ndani, kunywa kahawa. Nyote mtabaki hapa mpaka nivipate."

Ng'ambo ya barabara ndipo kilipo kituo cha zimamoto. Duane Pelowski, mzimamoto anayewakagulia wazazi viti vya watoto, alikuwa anapiga deki.

"Pipkin?" Aliacha deki. "Vimeibwa Pipkin tu?"

"Tu."

"Basi huyo si mwizi. Huyo ni malaika, au ni chizi." Alimwonyesha simu yake. "Kiwanda kimetoa tangazo la usalama wiki hii. Kifungio cha mkanda kina kasoro. Unakisikia kikilia *ta*, unajua kimeshika, kumbe hakijashika. Gari likigonga, mtoto anaruka."

Bernadine alisoma tangazo mpaka mwisho.

"Kwa nini wale kina mama hawajui?"

"Kwa sababu hawakusajili viti vyao! Kila kiti kinakuja na kadi. Unajaza jina, anwani, unaituma. Au unasajili kwa simu, dakika mbili. Kiti kikipata kasoro, kiwanda kinakuandikia na kukutumia kifungio kipya bure. Unajua watu wanaiweka wapi ile kadi?"

"Wapi?"

"Droo ya jikoni. Pamoja na betri zilizokufa." Alipumua kwa nguvu. "Nimesema mpaka nimekauka."

"Kwa hiyo aliyejua ni nani?"

"Aliyesajili."

Bernadine alivuka barabara akirudi, karibu mbio.

Chini ya kanisa, kwenye ukumbi wa kahawa, waumini walikuwa wameketi kwenye meza ndefu. Katikati pamewekwa sahani ya ushahidi. Ilikuwa imebaki na kipande kimoja tu, kwa sababu Orville alikuwa ameendelea kuchunguza. Kipande hicho hakuna aliyekimaliza. Mtu alikikata nusu, akala nusu. Mwingine akaikata nusu iliyobaki. Walutheri wa Nyborg hawali kipande cha mwisho. Watakigawa mpaka kiwe chembe, na chembe hiyo itabaki mezani mpaka Yesu arudi.

Bernadine ni Mkatoliki. Hakuwahi kunywa kahawa ya ukumbi ule, na keki za mle hakuzijua.

"Tamsin, kiti chako ulikisajili?"

"Kadi haikuwemo. Ilikuwa imeshachanwa."

"Kiti ulikinunua wapi?"

"Nilipewa. Kwenye sherehe ya zawadi za mtoto."

"Na nani?"

"Na kina mama wa kanisa."

"Mama yupi?"

"Ah... wote. Kwa pamoja, unajua."

"Kina mama wote walishika kiti kimoja kwa pamoja wakakipeleka kwenye kaunta?"

Mtu alikohoa. Bernadine aliinua sahani juu.

"Haya. Nani kapika hii?"

Mmoja alichunguza kikombe chake. Mwingine alitazama dirishani. Mzee mmoja alianza kuzungumzia theluji. Kila mtu mle ndani alijua, maana watu hawa wamekula pamoja tangu ubatizo, na mkono wa kila mpishi wanaujua kama sauti yake. Lakini kumtaja mtu hadharani? Afadhali wameze uma.

Bernadine aliacha kuwasikiliza, akaanza kuwatazama. Macho yalikwenda dirishani, mezani, darini, kwenye picha ya mchungaji wa zamani. Kila mahali, isipokuwa mahali pamoja.

Hakuna hata mmoja aliyetazama jikoni.

"Asanteni," alisema Bernadine. "Mmenisaidia sana."

Jikoni palikuwa na mwanamke mmoja, aproni nyeupe, akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa zamani. Bi. Verna Quistad, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa. Kwenye ndoano karibu yake ilining'inia jozi ya glavu, bado zina theluji.

"Bi. Verna."

"Karibu kahawa, mwanangu."

"Sitaki. Viti viko wapi?"

Verna aliendelea kusugua. "Viti gani?"

"Bi. Verna, mimi ni Mkatoliki. Nimekuwa nikiungama tangu nina miaka saba, na najua mtu anayetaka kuungama anavyosugua sufuria."

Sufuria iliwekwa chini.

"Chumba cha kushonea," alisema Verna polepole. "Nyuma ya vitambaa vya Pasaka. Vimekwisha tengenezwa. Ningevirudisha kabla ya wimbo wa mwisho, lakini yule mchungaji na koo lake! Miaka yote hiyo anahubiri mpaka nyama inaungua, leo ndio ananyamaza mapema."

"Wewe ndiye uliyenunua viti."

"Vilikuwa kwenye punguzo."

"Na ukavisajili."

"Wazazi wapya wana mambo mengi. Nikaona nisiwasumbue na makaratasi. Nikaandika jina langu na anwani yangu kwenye kila kadi." Machozi yalianza. "Jumatano ikaja barua ya kiwanda, na vifungio vipya."

"Sasa kwa nini usiwapigie simu tu?"

Verna alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nimwambie nini mtu? 'Zawadi niliyokupa mbele ya watu wote, ukanishukuru, ukapiga nayo picha, inaweza kumuua mwanao'?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo!"

"Nilijaribu. Nilimpigia Tamsin, nikamwambia, 'Siku hizi hali ya hewa ni nzuri, labda mngekuwa mnatembea kwa miguu.'"

"Theluji imefika magotini, Bi. Verna."

"Na yeye aliniambia hivyo hivyo."

Bernadine aliuma midomo asicheke. "Na keki?"

"Huwezi kuingia kwenye gari la mtu ukachukua kitu bila kuacha kitu. Nimelelewa vizuri."

Inspekta alifunga kijitabu chake. Kesi imekwisha. Wizi, mtuhumiwa, kukiri, sababu: adabu. Alikuwa anageuka kwenda kuwapa kina mama habari njema alipoona kitu kwenye dirisha, kando ya sabuni. Kiboksi kidogo. Hakijafunguliwa.

"Hicho ni nini?"

Verna alikausha mikono kwenye aproni. "Cha nne."

"Kuna kiti cha nne?"

"Sikukipata. Mwenye gari hakuja kanisani leo." Verna alikitazama kile kiboksi. "Ni Cody Lund."

Cody Lund alikuwa mkwe wa Bernadine. Wazazi wake ni Walutheri wa kanisa lile, na sherehe ya zawadi ilifanyika ukumbi ule ule. Kiti alikifunga mwenyewe garini, kwa majivuno. Bernadine hakuwahi hata kuitazama chapa yake.

Simu ilikuwa sikioni kabla hajajua ameitoa.

"Mama!" alisema Cody, furaha tupu. "Tuko mlangoni pa hospitali, tumeruhusiwa mapema! Nimeshamfunga, sasa nawasha—"

"Zima gari."

"Nini?"

"Cody, zima gari! Sasa vuta kile kifungio cha mkanda. Kwa nguvu."

Alisikia mlango ukifunguka. Alisikia sauti ya *ta*.

"Mama," alisema Cody, sauti imebadilika. "Kimefunguka chenyewe."

"Mtoe. Mrudi ndani wote. Usisogeze gari hata inchi."

Alikamata kiboksi kwa mkono mmoja na kiwiko cha Verna kwa mwingine. Ukumbini alipita kama upepo. "Tamsin! Chumba cha kushonea, nyuma ya vitambaa! Duane avikague ndipo mwondoke! Orville, lete hiyo sahani, ni ushahidi!"

Ndani ya gari la polisi, Verna alijifunga mkanda, akakalia mikono yake.

"Inspekta," alisema baada ya kona ya kwanza. "Unaweza kuwasha king'ora? Kama si usumbufu."

Bernadine alikiwasha. Verna akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kwenye ukumbi wa hospitali Renata alikuwa ameketi, mtoto kifuani, uso mweupe. Cody alikuwa amekishika kile kiti kama mtu aliyeshika nyoka. Verna hakuvua hata aproni. Alipiga magoti sakafuni, akakigeuza kiti juu chini, akachomoa kifungio kibovu, akapitisha kipya. Vidole vyake vilitembea kama vya mtu anayeshona kwa macho yaliyofumbwa. Alikivuta. Cody akakivuta. Orville, mwenye kilo zake, akakivuta. Hakikutikisika.

Verna alianza kuinuka. "Basi, ngoja niwaache mpumzike—"

"Bado," alisema Bernadine. "Sema."

"Inspekta..."

"Useme kwa mdomo wako. Ndiyo adhabu yako, na sina nyingine."

Verna alikunja aproni yake. Akamtazama Renata usoni.

"Kiti nilichokupa kilikuwa kibovu," alisema. "Nilijua tangu Jumatano. Niliona haya, nikanyamaza. Ningeweza kumuua mwanao kwa kuona haya."

Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyetaja theluji.

Renata aliinuka taratibu, akamweka mtoto mikononi mwa Verna. "Mshike," alisema. "Wewe umempa kiti mara mbili."

Verna alilia vizuri sasa, kwa sauti, bila kuomba radhi. Simu ya Bernadine ikalia. Alikuwa Tamsin: viti vimekaguliwa, viko imara, na hakuna mama hata mmoja atakayeshtaki. "Ila mwambie Bi. Verna nataka keki nyingine. Orville ametumalizia yetu."

"Cody," alisema Bernadine, "leta simu yako. Geuza kiti, soma namba hapo chini. Jina lako, anwani yako. Si ya Bi. Verna, si ya kanisa, si yangu. Yako."

Cody alisoma, Renata akaandika. Dakika mbili, kama alivyosema Duane. Bernadine alikwenda kulileta puto la buluu, akalifunga kwenye kishikio.

Ushahidi ulikuwa juu ya kiti cha wageni: sahani ya alumini, na ile chembe ya mwisho ya keki ya ndimu. Cody aliinama, akatoa kisu mfukoni ili aigawe.

"Rudisha kisu chako," alisema Verna, mtoto bado kifuani. "Hiyo chembe naitaka yote."

Akaichukua, akaila.