Skrubu Mbili za Gachoka

Simu ililia saa tatu asubuhi, Makutano, Meru.

"Kitendawili," sauti ikasema.

"Tega," akajibu Ruguru.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Basi kuna anayetaka kulichoma yai letu, Saba-Tisa. Gachoka. Kesho alfajiri, likiwasha maji ya kuoga. Stima ndiyo itakayolaumiwa. Na mkono wa kuchoma uko ndani ya ulinzi wetu."

Mzee, mkuu wake wa ujasusi, akakata; kwake Ruguru alikuwa Saba-Tisa tu. Hakuuliza kama amekula. Hakuwahi kuuliza.

Yai lilikuwa Beverlyne, mpakiaji wa miraa kutoka Laare. Aliona bastola za magendo zikifichwa chini ya magunia, na kesho angesema hayo mahakamani. Mpaka hapo alifichwa kwenye nyumba ya madirisha ya vyuma, mlango ukifungwa kwa nje. Moto ukishika humo, mwanangu, utatokea wapi?

Subaru Forester ilikula lami. Chuka ikapita. Embu ikapita, na njia ya kwa mama yake pia. Mama alijua bintiye anauza viatu Nairobi.

Ruguru hakugeuza shingo.

Getini Gachoka alisimama Kobia, mlinzi mgeni kazini. Alimwona Ruguru amevaa ovaroli ya fundi wa stima, sanduku la vifaa mkononi, akacheka.

"Dada fundi! Siku hizi wanawake mnapanda mpaka transfoma?"

"Tunapanda, nyinyi mkishika ngazi."

Ndani alikuwa Ngari, mkuu wa walinzi. Miaka tisa walifanya kazi pamoja. Ndiye peke yake aliyempigia simu kila Krismasi.

"Ngari, niletee waya kwa gari."

Alipotoka tu, Ruguru akazima meinswichi, swichi kuu ya nyumba, na kufungua sanduku la stima. Akagusa waya mnene wa maji moto. Ukacheza kama jino la mtoto.

Skrubu mbili zilikuwa zimelegezwa.

Waya uliolegea hauzimi stima, la. Hupata joto, hutoa cheche. Na nyuma ya waya huo mtu alikuwa amepachika pamba yenye mafuta taa.

Akaichomoa, akaitia kwenye sanduku lake. Akatoa bisibisi ya kipimo. Mafundi wengi hukaza kwa hasira ya mkono, mpaka nyuzi za waya zinakatika. Kulegea ni moto, kuzidisha nako ni moto. Bisibisi hii hulia yenyewe ikifika panapotakiwa.

Tak.

Tak.

Akafunga kifuniko na kuwasha meinswichi. Sasa, nani? Kobia au Ngari?

Akawaita wote wawili.

"Nimeangalia kwa macho tu. Sijagusa kitu. Inaonekana iko sawa. Bevu! Washa maji moto, uoge sasa hivi!"

"Sawa, dada!" Beverlyne akaitika kutoka bafuni.

Kobia akasogea karibu, pua nusura iguse sanduku. "Hii ndiyo inapikanga maji? Ka-sanduku haka?"

Ngari akarudi nyuma hatua moja.

Ya pili.

Ya tatu, mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Unaenda wapi, Ngari?"

Bastola ya Ruguru, Glock, ilikuwa imeshatoka. Maji yakasikika yakimwagika. Hakuna cheche. Hakuna moshi. Ngari akatazama sanduku, akatazama bisibisi, akaelewa.

"Ulikaza."

"Nilikaza."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Ruguru. Siku ukifa, nani atakulilia? Mama yako atamlilia muuza viatu. Mimi ndiye nilikuwa nakujua."

Ilikuwa kweli.

"Kobia, mfunge mikono."

"Ngai! Huyu si ni mkubwa wangu?"

"Alikuwa."

Akapiga simu. "Yai ni zima. Aliyetuuza ni Ngari."

Mzee akajibu, "Pole, Saba-Tisa." Ikakatika.

Jioni hiyo gari lingine lilimchukua Beverlyne, nywele bado mbichi, akipunga mkono dirishani. Lingine likamchukua Ngari. Hakupunga.

Kobia alimsindikiza Ruguru mpaka kwenye Subaru.

"Kwangu pia stima inasumbua, dada. Nikikutafuta niulizie nani?"

Ruguru akaweka sanduku kwenye buti. Akavaa miwani.

"Ulizia fundi yeyote," akasema. "Mwambie tu asizidishe."

Akawasha gari, akaondoka taratibu, kiti cha kando kikiwa kitupu.