Mtani Hashtakiwi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanamvua alichota maji kisimani, akayachemsha na chumvi kidogo, kisha akayapeleka barazani kwa baba yake. Mzee Shomari alikunja uso, akauosha mguu wake wa kulia, akasema, "Leo afadhali." Jana alisema afadhali. Juzi pia. Lakini mguu ulikuwa vilevile, umepinda chini ya goti na haukanyagi.

Walikaa Masaki, wilaya ya Kisarawe, enzi za utawala wa Waingereza. Mzee Shomari alikuwa kibarua katika shamba kubwa la mkonge upande wa Ruvu. Siku ya ajali, yeye na mwenzake Sixtus walikuwa wakiteremsha toroli lililojaa mkonge kwenye reli ndogo ya shambani. Breki ikakatika penye mteremko. Toroli likamponyoka Sixtus aliyelishika kwa nyuma, likambana Shomari mguu kwenye nguzo. Alipotoka hospitali, meneja alimpa gunia la unga, akamwambia aende nyumbani akapumzike. Akapumzike! Kana kwamba mguu uliovunjika ni usingizi.

"Mwanangu," mama yake, Bi Biubwa, alimwambia Mwanamvua, "kupalilia mihogo kukianza, utaacha shule unisaidie. Mikono yangu peke yake haitoshi."

Mwanamvua aliingia darasani siku hiyo macho mekundu. Mwalimu Cornel alimwuliza kulikoni, naye akaeleza yote.

"Mtu akiumia kazini ana haki ya kudai fidia," alisema mwalimu. "Sheria ipo. Lakini ina muda wake. Mkikaa sana, mlango unafungwa."

Mwanamvua alirudi nyumbani mbio, akamweleza baba yake hata kabla ya kuweka vitabu chini. Mzee Shomari akatikisa kichwa.

"Nimdai nani? Aliyeshika toroli ni Sixtus. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Mtani hashtakiwi."

"Lakini baba, mguu..."

"Nimesema. Mtani hashtakiwi."

Ni kweli kwamba watani huchokozana, huchukuliana vitu na hata kukejeliana msibani, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Jumapili ile Sixtus mwenyewe alifika, akapaza sauti tangu njiani. "Hodi! Mzaramo hajafa bado? Nami nimekuja kula matanga!" Akamkamata jogoo uani bila kuomba ruhusa, akambana kwapani. Mzee Shomari alicheka mpaka akashika mbavu. Bi Biubwa naye akacheka. Mwanamvua aliipiga teke ndoo tupu, akaenda kukaa nyuma ya jiko. Baba hatembei, mama anacheka, na jogoo anakwenda zake!

Tangu hapo hakunyamaza. Alisema asubuhi, akasema jioni, mpaka mama yake akachoka. "Haya, twende kwa Liwali. Lakini baba yako asijue."

Baraza la Liwali pale Kisarawe lilijaa watu. Karani hakuinua hata kichwa. "Mnamshtaki nani?"

Bi Biubwa alibabaika. "Aliyeshika toroli ni Sixtus. Mnyamwezi."

"Na mumeo?"

"Mzaramo."

Watu waliangua kicheko. Mmoja akapiga makofi, "Mzaramo anamshtaki Mnyamwezi! Dunia imekwisha!"

"Mama, mambo ya utani kamalizaneni nyumbani," alisema karani. "Na ya mashamba ya Wazungu hayaletwi hapa."

"Yanapelekwa wapi?" aliuliza Mwanamvua.

"Kwani mimi ndiye niliyekutuma? Anayefuata!"

Njia nzima ya kurudi Masaki Mwanamvua alilia kwa uchungu. Wamekwenda, wamechekwa, na hata njia hawakuonyeshwa.

Habari hazina miguu lakini hufika. Siku chache baadaye Sixtus alikuja tena, na safari hii hakuwa na mzaha hata kidogo. Alisimama nje ya baraza, kofia mkononi.

"Shomari, nimesikia mmenishtaki."

Mzee Shomari alimgeukia mkewe, kisha bintiye. Uso ulimbadilika. "Mwanamvua! Umeniaibisha mbele ya mtani wangu!"

Mwanamvua alitoka mbio mpaka nyumbani kwa Mwalimu Cornel, akamsihi aje upesi. Mwalimu alikuja amevaa kandambili, akasalimia, "Shikamooni wazee," akakaa mkekani.

"Mzee Shomari," alianza, "toroli lile lilikuwa mali ya nani?"

"Ya shamba."

"Breki zake alipaswa kuzitengeneza nani?"

"Wenye shamba."

"Na wewe na Bwana Sixtus mliajiriwa na nani?"

"Na haohao."

"Basi anayedaiwa fidia ni mwajiri. Bwana Sixtus hashtakiwi. Yeye ni shahidi wako."

Sixtus alikaa chini polepole.

"Breki ile nilimwambia nyapara kwamba imekwisha," alisema. "Akanijibu, 'Sukuma!' Baada ya ajali nikaona Shomari hataki jambo hili litajwe. Nikadhani ananisitiri, maana toroli lilitoka mikononi mwangu. Nimekuwa nikija hapa na vichekesho vyangu, lakini moyoni naungua."

"Na mimi nilidhani nakustahi," alisema Mzee Shomari.

Mwalimu Cornel aliwaelekeza kwa Afisa wa Kazi, aliyekuwa akija bomani mara mojamoja kutoka Dar es Salaam. "Bwana Sixtus, sikufichi," aliongeza. "Ukisema ukweli, nyapara anaweza kukuchukia."

"Akinifukuza, nitakuja kula hapa kwa Mzaramo," alijibu Sixtus. Kwa mara ya kwanza Mwanamvua naye akacheka.

Safari ya kwanza walimkosa afisa. Ameshaondoka, waliambiwa, rudini mwezi ujao. Mwanamvua alitamani kuurushia mlango ule mawe. Safari ya pili walimpata. Karani wa shamba naye aliitwa, akadai kwamba Shomari aliumia kwa uzembe wake mwenyewe. Hapo Sixtus akasimama, akaeleza habari za breki, nyapara na mteremko bila kutetemeka. Afisa aliandika, akaamuru mguu ukapimwe na daktari, na dai likapelekwa kwa wenye shamba. Walivuta, wakavuta, mwisho wakalipa.

Mguu haukunyooka. Hakuna fidia inayonyoosha mguu. Lakini Mzee Shomari aliajiri watu wa kupalilia mihogo, akanunua cherehani ya mkono, akaanza kushona kanzu palepale barazani. Mwanamvua hakukosa shule.

Jioni moja alimkuta baba yake akiwa na Sixtus, ambaye nyapara alikuwa amemhamishia kwenye kazi ngumu zaidi lakini hakuthubutu kumfukuza. Mwanamvua aliwaamkia, akakaa karibu nao. Baba yake akaisimamisha cherehani.

"Mwanangu, nilikukasirikia bure," alisema. "Nilipokuwa nimenyamaza nilidhani namlinda mtani wangu. Kumbe nilikuwa namlinda tajiri, na huyu mwenzangu namwacha aungue peke yake. Mtu akiumia, asihangaike kutafuta wa kumlaumu. Aulize nani mwenye wajibu, aulize mlango gani, na aulize mapema. Asiyeuliza haki yake huumia mara mbili, na mara ya pili hujiumiza mwenyewe."