Hodi ya Bujiku

Jumamosi ile Agatha alipanga kufanya mambo mawili tu: kuanika mpunga kabla jua halijawa kali, na kumzuia mwanawe asiende Igalamya. La kwanza lilimwendea vizuri. Mpunga ulitandazwa juu ya turubai mbele ya nyumba yake pale Ushirombo, kuku wakafukuzwa, jirani akaombwa awe anautupia jicho. La pili lilimshinda asubuhi hiyo hiyo, maana Edson alipakia dramu zake kwenye gari la kina rafiki yake Benjamini wakati mama yake yuko kwenye misa.

Edson alikuwa na miaka ishirini na ndiye mtoto pekee wa Agatha. Alipiga dramu kwenye bendi ya watu wanne: magitaa mawili, besi na yeye. Mwimbaji hawakuwa naye wala hawakumtaka. Walipiga metali, muziki mzito wa kuhesabu, mapigo saba halafu matano halafu mawili, mpaka mguu wa mchezaji haujui utue wapi. Watu wazima walisema ni kelele za mashine ya kusaga. Agatha hakuwa na neno na kelele. Alichokichukia ni uwanja walioitwa kwenda kupigia.

Uwanja ule wa Igalamya ulikuwa wa Dominiko, baba yake Benjamini mpiga gitaa. Siku hiyo aliuzindua rasmi, akaweka jukwaa na mahema, akaalika watu kutoka Katoro hadi Shinyanga mjini. Ulikuwa tambarare, mweupe, umeshindiliwa vizuri kwa marudio, yaani mchanga wa mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Chini ya mchanga huo kulikuwa na duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, lililofukiwa, na ndani ya duara alikuwemo Bujiku, mume wa Agatha, na wenzake watano.

Wachimbaji wa duara lile walikuwa na utaratibu wao. Bomba la chuma lilishuka kutoka juu hadi chini kupeleka hewa, na aliyetaka kupandishwa aliligonga kwa nyundo. Kila mtu alikuwa na hodi yake, ili walio juu wajue ni nani anayeita. Hodi ya Bujiku ilikuwa saba, tano, mbili. Aliye juu alijibu kwa kurudia hodi ile ile, kisha akaongeza pigo moja. Pigo hilo moja maana yake ni "nakuja". Ukishalipiga umekubali: utashika kamba wewe mwenyewe na kushuka kumfuata mwenzako. Kama huwezi, unainama kwenye mdomo wa bomba na kutaja jina la atakayeshuka badala yako, na uliyemtaja hana ruhusa ya kukataa. Watu wa machimbo waliibiana mawe na kuchukuliana wake, lakini sheria hiyo hakuna aliyethubutu kuichezea.

Miaka minane iliyopita duara lilititia. Hodi zikasikika siku tatu mfululizo. Dominiko aliyekuwa mwenye duara aling'oa winchi, akaweka walinzi, akasema ardhi bado inatembea na atakayegusa bomba atamvunja mkono. Agatha alilifikia hata hivyo, mchana mmoja walinzi walipokuwa wanakula. Jiwe la kugongea alikuwa nalo mkononi. Edson, wakati huo wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameshika pindo la kanga yake. Bomba likalia: saba, tano, mbili. Agatha alijua akijibu atashuka au atamtaja mwingine akafie humo; kumtaja mwingine hakuthubutu, na akishuka mwenyewe hana wa kumwachia mtoto. Akaliweka jiwe chini. Siku ya nne matipa yalikuja na marudio, yakamwaga mpaka pakawa sawasawa. Tangu hapo mama na mtoto hawakulizungumza jambo lile hata mara moja.

Jumamosi hiyo Agatha alifika Igalamya saa tisa alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Dominiko alikuwa ameketi mbele kabisa, kwenye kiti kirefu kilichofunikwa kitambaa cheupe, akipungia watu mkono.

"Shikamoo, Baba Benjamini."

"Marahaba, Mama Edson. Umekuja kumwona kijana wetu?"

"Nimekuja kumchukua."

Dominiko alicheka kwa sauti ya chini. "Kaa, mama. Ya zamani tumeshayafukia."

Agatha hakukaa. Alizunguka nyuma ya jukwaa akamkuta Edson anakaza matoazi yake. Mbele, watu walishaanza kuchoka. Walikuwa wameahidiwa burudani, na sasa walikuwa wanauliza mwimbaji yuko wapi. Chupa moja ya maji iliruka ikagonga spika.

"Ng'wanawane," alisema Agatha, akimwita mwanangu kwa Kisukuma, kwa sauti ya kumbembeleza. "Shuka twende nyumbani."

"Mama, tunaanza sasa hivi."

"Mnaanza na upi?"

"Ule niliokuwa napiga kwenye madumu pale uani."

Agatha aliusikia muziki huo vipande vipande kwa miezi, akiwa jikoni, akiwa kisimani, na kila mara aliondoka kabla haujaungana. "Hesabu yake uliitoa wapi?"

"Sijui. Imo kichwani tangu nikiwa mdogo." Edson alitabasamu. "Ilikuwa haina mwisho. Wiki hii nimeupata. Mwishoni naongeza pigo moja tu."

Agatha alimshika mkono. Benjamini naye, asiyejua lolote, alimshika Edson mkono wa pili akamvuta jukwaani. Kijana akaenda na wenzake.

Wakaanza.

Sauti haikuja masikioni kwanza. Ilianzia kifuani, ikashuka kwenye magoti. Magitaa mawili yalikuwa yanakimbizana, moja likiacha pengo, jingine likiliziba, na chini yao besi ikitambaa. Edson alikuwa katikati, anahesabu kwa mikono na miguu. Saba. Tano. Mbili. Waliokuja kuzomea walinyamaza. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameinua chupa ili airushe alibaki nayo hewani. Hata Agatha, pamoja na hofu yake yote, alijisikia fahari kwa sekunde chache. Mwanawe alikuwa anajua kazi.

Halafu aliona mchanga. Kila pigo lilipotua, vumbi jeupe liliinuka uwanja mzima, kimo cha kifundo cha mguu, likatua. Hilo lilikuwa la kawaida, spika zilikuwa kubwa. Lakini wimbo ulifika mahali pa kupumzika. Magitaa yalikata. Edson aliinua vijiti vyake akavishika juu, kimya. Vumbi likainuka tena.

Mara saba. Mara tano. Mara mbili.

Watu walipiga makofi wakidhani ni ufundi. Mpiga besi alimtazama Benjamini. Benjamini alimtazama Edson. Edson alikuwa anatabasamu, macho yamefumbwa, na kichwa chake kilikuwa kinaitikia.

Agatha alikimbilia kwenye jenereta. Hakumuuliza mtu. Alikamata waya mnene akauchomoa kwa mikono miwili. Magitaa yalikufa. Spika zilikufa. Alidhani amemaliza kazi, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu dramu haihitaji umeme, na kelele zilipoondoka kila mtu uwanjani alisikia vizuri kilichobaki.

Kulikuwa na dramu juu. Kulikuwa na chuma chini.

Saba juu, saba chini. Tano juu, tano chini. Hakuna aliyepiga makofi sasa. Wanawake walianza kuokota watoto wao. Dominiko alikuwa amesimama, kitambaa cheupe kimemng'ang'ania mgongoni, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Edson," aliita Agatha. "Edson, usimalize."

Hakusikia. Agatha alipanda jukwaani kwa magoti, akapita kati ya nyaya, akamkumbatia kutoka nyuma na kumbana mikono yote miwili kifuani. Vijiti vilianguka. Kijana alikuwa wa baridi. Kichwa chake kilikuwa bado kinaitikia. Mbili za mwisho zilitoka chini, polepole, kama za mtu aliyechoka.

Mikono aliishika. Mguu hakuushika mtu.

Mguu wa kulia wa Edson ulikanyaga pedali, mara moja.

Nakuja.

Pakatulia. Kisha jukwaa likashuka kiganja kimoja upande wa dramu. Mbao zikaachana. Mchanga ulianza kumwagika kuelekea chini, bila haraka, na miguu ya Edson ikaanza kwenda nao. Kwanza viatu. Halafu vifundo. Agatha alivuta. Kitu kilivuta upande wa pili, na hakikuvuta kwa ukali. Kilivuta kama watu wanavyovuta kamba yenye mtu wao.

"Baba huyo," alinong'ona Edson. "Mama, niache. Baba ananingoja."

Agatha hakumpenda Bujiku wakati ule. Alimchukia kwa moyo wake wote, yeye na wenzake watano na subira yao ya miaka minane. Alimwachia mwanawe kwa mkono mmoja. Akalala kifudifudi. Ngozi ya mbele ya dramu kubwa ilikuwa na tundu, na dramu ile ilikuwa imeshazama nusu yake mchangani. Akaweka mdomo wake kwenye tundu.

"Haji huyu," alisema. Hakupaza sauti. "Anakuja Dominiko."

Ndani ya dramu palitoka hewa. Ilikuwa na unyevu, na ilikuwa na harufu ya baruti ya zamani. Halafu chuma kikagongwa chini.

Mara moja.

Mchanga ukaacha kumwagika. Miguu ya Edson ikatoka bila viatu, na kijana akaanza kulia. Watu walikuwa wanakimbia sasa, wengine wakiangukiana. Dominiko peke yake hakukimbia. Yeye alikuwa mtu wa duara tangu ujana na alijua sheria kuliko wote. Alimnyooshea Agatha kidole.

"Mwanamke wewe," alisema. "Umenitaja."

"Nimekutaja."

Alijaribu kucheka. Kisha akatembea kwenda kwenye gari lake, akichagua pa kukanyaga.

Usiku huo huo Dominiko alihamia nyumba yake ya Ibadakuli, mbali na machimbo, penye sakafu ya zege na vigae. Watu wa kwake wanasema alilala taa zikiwaka. Alikataa kuweka miguu chini akawa anakula kitandani. Akiona mtu anagonga meza kwa kidole alimtukana. Siku ya tatu asubuhi, mkewe alibisha mlango wa chumba na haukufunguliwa. Walipouvunja, komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nondo za madirisha zilikuwa mahali pake. Vigae vilikuwa vizima, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Dominiko hakuwemo.

Msiba uliwekwa bila maiti, baada ya wiki mbili za kutafuta. Agatha alikwenda na wanawake wenzake wa kanisani, maana Benjamini alikuwa rafiki wa mwanawe na kutokwenda kungeleta maneno. Hakujifanya ana huzuni. Alimenya viazi, akala sahani ya wali na nyama akaimaliza, akaongeza. Watu waliomjua walitazama pembeni.

Jioni mjane alimwita chumbani, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa usingizi. Askari walikuwa wameshapiga picha na kuondoka, na yeye alitaka shuka la kitanda lile lifuliwe na mtu asiyeuliza maswali. Alilikunjua mbele yake. Lilikuwa jeupe, na lilikuwa na alama za viganja vya udongo wa buluu, ule unaopatikana chini kabisa penye maji. Viganja kumi na viwili, vimepangana pande mbili za mahali alipokuwa amelala mtu, sita huku na sita kule, jinsi wabebaji wanavyoshika jeneza.

"Mama Edson," mjane alinong'ona, "ni watu gani hawa?"

Agatha alikuwa anaangalia kiganja kimoja, cha karibu na mto. Hakikuwa na kidole cha pete. Karasha, mashine ya kusaga mawe, lilimsaga Bujiku kidole hicho mwaka waliofunga ndoa, na ni yeye aliyekifunga kisiki chake kwa kitambaa cha kichwani mwake, akakipiga busu ili mwanamume aache kulia. Alikunja shuka akalitia kwenye mfuko, akasema atalifulia nyumbani.

Edson ni mzima. Anakula, anafanya kazi Mwanza, na hajamuuliza mama yake aliweka jina la nani kwenye ile dramu. Viganja kumi na kimoja vilitoka kwenye maji ya kwanza. Kile cha karibu na mto hakikutoka kwa sabuni wala kwa dawa ya madoa. Agatha amelianika shuka uani tangu mwezi wa saba, kwenye jua lile la Ushirombo linalokausha mpunga kwa siku moja. Limekauka lote mpaka likawa gumu. Kile kiganja bado kimelowa, na kila asubuhi akienda kukigusa kiko chini kidogo kuliko kilipokuwa jana, kimesogea kwenye pindo, kuelekea upande wa chumba chenye kitanda anacholalia Edson akija nyumbani.