Mapigo ya Seva Iliyozimwa

Jambo lenyewe lilianza kidogo sana, tena mchana kweupe. Pan Jui, fundi kijana, alizima seva, na seva ikakataa kufa.

"Dada Yayun," akaita, "hebu njoo uone vituko."

Chiu Yayun, mkuu wa mafundi wa mtandao wa hospitali ile ya mji wa Chiayi, akaja na boksi lake la chakula mkononi, mdomo umejaa wali. Nisikuchoshe na mambo ya mafundi, ila hili moja lazima ulijue, maana msiba wote umekaa hapo. Seva zilikuwa mbili, anwani moja. Skrini zote za wodi ya mahututi, zile zinazoonyesha nani anapumua na nani anaelekea kuacha, zilisoma anwani hiyo moja tu. Seva ya kwanza ndiyo iliyoishika. Ikifa, ya pili inaipokea papo hapo, na nesi kule juu hata hajui kama kuna aliyekufa na aliyerithi. Ya pili inajuaje kwamba mwenzake kafa? Kwa waya mfupi uliounganisha hizo mbili. Ya kwanza hutuma pigo, na pigo jingine, nipo, nipo, nipo. Mapigo yakikatika, ya pili inachukua nafasi.

Siku hiyo ilikuwa ya majaribio. Manesi walishaambiwa wakae karibu na vitanda. Jui akaizima ya kwanza, na ya pili ikakaa tu, haikuchukua chochote.

"Inasema bado inasikia mapigo," Jui alisema.

"Waya mbovu huo."

"Nimeshabadilisha, dada."

"Umeangalia pakiti?"

Juu ya kila kabati la seva huwekwa pakiti ya kijani ya vitafunwa vya nazi, ili mashine zitulie na zisilete ukaidi. Lazima iwe ya kijani, isiwe imepitwa na wakati, na ole wake atakayeila.

"Ipo, mpya kabisa."

"Maana wewe nakujua. Ya kwenye printa nani aliila?"

"Ile ilikuwa ya njano! Ya njano si ya mashine, ni ya tumbo," Jui akajitetea, na wote wawili wakacheka. Ndicho kicheko cha mwisho walichocheka pamoja katika chumba kile kwa muda mrefu.

Yayun akazunguka nyuma ya kabati, akaichomoa seva ya kwanza kwenye umeme. Taa zake zikazimika zote. Wakarudi kutazama. Pigo. Pigo. Pigo. Akauchomoa na ule waya mfupi wenyewe, akaushika mkononi, ncha zote mbili zinaning'inia. Pigo. Pigo.

"Dada," Jui akanong'ona, rangi imemtoka usoni, "hapa pana ndugu zetu wema." Ndivyo wanavyowaita huko wafu wasioondoka, maana jina lenyewe halitajwi, wasije wakadhani wameitwa.

Wakati huo ikaja harufu. Mafuta ya mnanaa, yale ya kupaka shingoni mtu akichoka. Yayun akaisikia, akaijua ni ya nani, boksi la chakula likamwanguka.

"Jui, kaninunulie chai."

"Chai saa hizi?"

"Ya maziwa, sukari nusu. Nenda, bwana!"

Mlango ulipofungwa akasogea karibu na skrini, akaita kwa sauti ya mtu anayeamsha aliyelala. "Kuoliang?"

Mapigo yakajikwaa. Yakaja mawili kwa haraka, halafu yakarudi mwendo wake.

Tu Kuoliang alikuwa mumewe. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi kabla yake, na alifia palepale nyuma ya kabati, Jumapili, moyo ulimsimama akiwa peke yake. Siku hiyo Yayun alikuwa nyumbani akimsonya, akidhani kwamba mwanamume kazima simu na kukaa kwenye bwawa la kuvulia kamba na wenzake, wanachoma na kunywa bia. Mfagizi ndiye aliyemkuta, Jumatatu asubuhi. Baada ya mazishi uongozi ukampa Yayun kiti cha marehemu, na funguo zake, na simu yake ya kazini.

Mwingine angekimbia. Yayun alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na usimcheke, labda wewe bado hujamzika wako. Akairudishia seva ya kwanza umeme na waya wake, akaandika kwenye taarifa kwamba tatizo lilikuwa waya na limetatuliwa. Jui aliporudi na chai akamwambia, "Hukuona kitu. Sawa, mdogo wangu?"

"Sawa," Jui akajibu, lakini chai yake mwenyewe hakuimaliza.

Tangu siku hiyo Yayun aliunganisha spika ndogo, kila pigo likawa na mlio. Akawa anakula mchana humo chumbani, anafungua maboksi mawili, moja lake, moja la marehemu. Anamsimulia Kuoliang mambo ya nyumbani, bomba linalovuja, mama yake anayeumwa magoti, na lile la Jumapili analirudia kila siku, "Nisamehe, baba, nilikutukana na wewe ulikuwa unakufa." Akilia, mapigo yanapungua kasi, kama mtu anayemsikiliza. Lile boksi la pili aliligawa kwa Jui mara moja tu. Jui alitia kijiko kimoja mdomoni akatema, maana wali ulikuwa wa moto bado lakini hauna ladha yoyote, hata ya chumvi.

Na Jui alikuwa anaona mengine. Alimwona Yayun anakonda, vidole vinageuka bluu, anavaa jaketi joto la nje likiwa la kukausha samaki. Alisikia ndala zikiburuzwa nyuma ya makabati, pole pole, ndala za mtu aliyechoka, na akichungulia hakuna mtu, akirudi kukaa zinaanza tena, safari hii karibu zaidi, zinakuja mpaka nyuma ya kiti cha Yayun zinasimama, na Yayun anageuza shavu kidogo, macho kafumba, kama anayeegemea mkono wa mtu, huku mlio wa spika ukizidi kuwa mzito na wa taratibu, taratibu mno, hata Jui akajikuta anabana pumzi kusubiri kama pigo lingine litakuja.

"Dada, tumwite mtu," alimsihi.

"Ukimwita mtu, usiniite dada tena."

Basi kikaja kimbunga. Alasiri ile mvua ilikuwa inapiga madirisha ya ghorofa za juu, umeme ukacheza, na seva ya kwanza ikaungua kweli. Ilikuwa zamu ya ya pili kuipokea anwani. Haikuipokea. Ilikuwa inasikia mapigo, kwa hiyo ilijua mwenzake yu hai. Jui akaipa anwani kwa mkono, ikashika, ikasikia pigo, ikaachia. Akaipa tena, ikaachia tena.

"Mwambie aache!" Jui akapiga kelele. "Mwambie mumeo aache!"

Yayun alikuwa kakaa na sikio lake kwenye spika.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Sista Weng, mkuu wa manesi wa mahututi, mwanamke mnene asiyependa upuuzi, alikuwa anahema.

"Skrini zote nyeusi! Mzee wa kitanda cha dirishani nimemkuta midomo ya bluu, mpira wake wa hewa umechomoka na hakuna kengele iliyolia. Ningechelewa kidogo tu, Yayun, mkewe angeniambia nini? Nimeweka nesi kila kitanda, na wawili hawana mtu! Wewe umekaa hapa unasikiliza redio?"

Akamshika mkono amvute. Kisha akaacha kuvuta. Vidole vya nesi vina mazoea yake, vilikuwa vimeshatua penye mshipa. Akatazama spika. Akautazama mkono.

"Mnapiga pamoja," alisema polepole. "Wewe na hicho kidude. Na haya mapigo nayajua mimi, nimeyasikia miaka yote. Huu ni moyo unaosimama." Akapiga simu wapelekwe manesi kwenye vile vitanda viwili, mkono wa Yayun asiuachie.

Jui hakungoja ruhusa. Alitoka mbio kwenye mvua hadi hekalu lililo nyuma ya hospitali, akarudi na kuhani Sung, mzee mfupi, viatu vinatoa maji. Huyo ndiye aliyemzika Kuoliang. Hakuuliza mengi. Alirusha chini vile vipande vyake viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mwandamo, vya kuulizia wafu, akauliza kama marehemu amekataa kwenda. Hapana. Akauliza kama kuna aliyemkosea. Hapana. Akauliza kama kuna anayemshika. Vipande vikaanguka kimoja tumbo, kimoja mgongo. Ndiyo.

"Mke wa marehemu," Sung akasema kwa upole, "siku ya mazishi nilifunga uzi kutoka kwa marehemu hadi kwa kila mmoja wenu, nikakata nyuzi zote, nikachoma. Wako niliukata?"

Yayun aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nimejifunika kitambaa cha katani cha msiba, mikono haionekani. Ulikata hewa, mzee. Nilishindwa. Mama yake alimwacha aende, ndugu zake wakamwacha aende, nikaona mbona hana hata mmoja wa kumshika?"

"Uko wapi?"

Akavuta soksi chini. Uzi ulikuwa umezungushwa kifundoni, umezama kwenye nyama, na mguu kuanzia hapo kushuka ulikuwa mweusi.

Jui akaficha uso. Sista Weng akatoa mkasi wake mfukoni, ule wa kukatia bandeji, lakini Sung akamzuia. "Mwenyewe. Mwingine akikata, wataondoka wote wawili."

Yayun akaushika mkasi. Mapigo ya spika yakaanza kwenda mbio, mbio za mtu aliyeona mlango unafungwa, taa za chumba zikafifia, mnanaa ukawa mkali hadi macho yakawatoka machozi, na ndala zikaja kutoka nyuma ya kabati, haziburuzwi tena, zinakimbia, zikasimama mbele yake kabisa.

"Usiogope, baba," Yayun alinong'ona, akitazama mahali pasipo na mtu. "Najua umeshika zamu tangu Jumapili ile. Hakuna aliyekuja kukupokea. Mimi ndiye niliyetakiwa kuja, sikuja, nilikuwa nakununia. Sasa nimekuja. Nipe. Kazi ni yangu, nyumba ni yangu, mama yako ni wangu. Nenda kapumzike, mume wangu."

Mapigo yakatulia. Akakata.

Spika ikanyamaza. Na chini ya vidole vya Sista Weng mshipa ukanyamaza pia. Weng akabonyeza, akabonyeza tena. Kisha likaja pigo moja. Likaja na la pili, la haraka, la moyo mwingine kabisa.

Kwenye skrini ya Jui maandishi yalikuwa yameshabadilika. Seva ya pili imekosa mapigo ya mwenzake, imepokea anwani. Simu ya wodini ikalia, nesi mmoja anasema huku analia kwamba skrini zimerudi, zote.

"Dada, imeshika," Jui alisema. "Imeshika yenyewe."

Sung akauchoma uzi ndani ya kikombe cha chai. Weng akapanda ngazi kwenda kwa wagonjwa wake. Jui akainama kuichomoa spika.

"Acha kwanza," Yayun akasema.

Alivuta kiti, akaweka sikio. Mnanaa ulikuwa umekwisha, kulikuwa na harufu ya vumbi na waya ulioungua. Jui alikaa chini sakafuni karibu yake, wakasikiliza pamoja, muda mrefu, mpaka mvua ikapungua huko nje.

"Haya," akasema Yayun. "Zima."